Ucha Mungu Unaoanzia Nyumbani: Mafunzo kutoka kwa Umar bin Abdul-Aziz

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.

Wapo wanaodhani kwamba ibada mahali pake ni msikitini tu, na kwamba mali na uongozi ni mambo ya dunia yasiyoulizwa mbele ya Allah. Historia ya Khalifa Umar bin Abdul-Aziz (rahimahullah) yatosha kuibatilisha dhana hiyo.

Malezi yake

Umar alizaliwa katika ukoo wa watawala wa Bani Umayya. Baba yake alikuwa liwali wa Misri, na kwa upande wa mama alitokana na Umar bin al-Khattab (R.A.). Alisoma Madina, na alipofanywa liwali wa mji huo mwaka 87 Hijria alikusanya mafaqihi kumi wa kushauriana nao. Pamoja na elimu hiyo, wanahistoria wanamtaja kuwa alipenda nguo za thamani na manukato. Basi aliposhika ukhalifa mwaka 99 Hijria (717 Miladia), alikuwa na mengi ya kuyaacha.

Alianza na nyumba yake

Alirudisha mali alizoona kuwa hazikumfikia kwa haki. Kisha akamgeukia mkewe, Fatima bint Abdul-Malik, aliyekuwa binti wa khalifa na dada wa makhalifa. Imepokewa kwamba alimpa hiari: ama vito alivyopewa na baba yake virudi Baitul-Mal, ama waachane. Fatima akamchagua mumewe. Baada ya hapo ndipo jamaa zake walipotakiwa nao warudishe walichodhulumu. Walinung'unika, lakini wangesema nini kwa mtu aliyeanza na nafsi yake?

Hapa pana fiqhi kubwa. Imamu Bukhari ameinukuu kauli yake kuhusu zawadi wanazopewa watawala: zama za Mtume (S.A.W.) zilikuwa zawadi, ama katika zama zake yeye zimekuwa rushwa. Maana yake ni kwamba hukumu hutazama sababu ya kutoa. Mtu ajiulize: lau nisingekuwa na cheo hiki, ningeletewa kitu hiki?

Kisha hadharani

Katika Khurasan, waliosilimu walikuwa bado wakitozwa jizya, kwa kuwa maliwali walihofia hazina kupungua. Umar aliamuru waondolewe. Liwali wake, al-Jarrah bin Abdallah, alipotaka wapimwe kwa kutahiriwa ili ijulikane kama wamesilimu kweli, Khalifa alikataa, akamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alitumwa kulingania. Aliona ni bora hazina ipungue kuliko mlango wa Uislamu kuwekewa ushuru.

Aliondoa pia desturi ya kumtukana Sayyidna Ali (R.A.) juu ya minbari, na mahali pake ikasomwa aya ya 90 ya Suratun-Nahl, inayoamrisha uadilifu na ihsani. Makhatibu wengi huisoma hadi leo mwishoni mwa khutba ya Ijumaa. Aidha alimwandikia Abu Bakr bin Hazm wa Madina akusanye Hadithi za Mtume (S.A.W.), kwa kuchelea elimu kupotea kwa kufa wanavyuoni.

Kilichobaki

Umar alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 Hijria (720 Miladia), baada ya kutawala kiasi cha miaka miwili na nusu. Yazid bin Abdul-Malik, aliyemfuata, aliyatangua mengi. Lakini imepokewa kwamba Yazid alipotaka kumrudishia dada yake Fatima vile vito, alikataa. Hakuwa tayari kumtii mumewe akiwa hai na kumuasi akiwa kaburini.

Tuzingatie hapo, ndugu zetu. Amri ya mtawala hutanguliwa na mtawala mwingine, ama taqwa iliyokwisha kuingia nyumbani, hakuna mtawala wa kuitangua. Sisi tunaoshika amana za misikiti, madrasa na wakfu tusingoje kuhesabiwa na waumini. Tuanze kujihesabu wenyewe majumbani mwetu: kilichomo humu, ni chetu au ni cha Waislamu?

Tunamuomba Allah (S.W.) azifanye siri zetu ziwe bora kuliko dhahiri zetu. Amin. Wallahu a'lam.