Chuo cha udaktari kilivyoongoza dunia kwa hisabati

Ukiulizwa ni chuo gani kina wanahisabati bora duniani, pengine utataja Princeton au Stanford. Kampuni ya Clarivate, ambayo kila mwaka hutoa orodha ya watafiti ambao kazi zao hurejelewa zaidi na wenzao, iliwahi kuwa na jibu jingine: China Medical University cha Taichung, Taiwan. Chuo hicho hufundisha udaktari. Idara ya hisabati hakina.

Mambo yalifikaje huko? Chanzo chake ni wanasheria. Mwaka 1873, huko Illinois, Marekani, Frank Shepard alianza kuorodhesha hukumu za mahakama pamoja na kesi za baadaye zilizozitaja, ili wakili ajue kama hukumu anayoitegemea bado ina nguvu au ilikwisha kutenguliwa. Mmarekani Eugene Garfield aliupenda utaratibu huo, akapendekeza mwaka 1955 utumike katika sayansi, na mwaka 1964 taasisi yake ya Philadelphia ikatoa faharasa kubwa ya marejeo. Lengo lilikuwa kumsaidia msomaji kufuatilia wazo limefika wapi. Lakini kinachoorodheshwa huhesabika, na kikishahesabika watu hushindanishwa. Majarida yakaanza kupewa alama kwa idadi ya marejeo. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaleta kipimo cha h kwa mtu mmoja mmoja: ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20, h yako ni 20.

Hisabati ndiyo iliyoumia zaidi. Wanahisabati huandika kidogo, na kazi zao huchelewa kuiva. Ripoti ya mwaka 2008 ya Umoja wa Kimataifa wa Hisabati na washirika wake ilionyesha kwamba alama ya jarida huhesabiwa kwa dirisha la miaka miwili, ilhali takriban asilimia 90 ya marejeo ya hisabati huangukia nje ya dirisha hilo. Mtazame Grigori Perelman wa Urusi. Kati ya 2002 na 2003 aliweka mtandaoni maandiko matatu yaliyothibitisha dhana ya Poincaré, fumbo la karibu miaka mia moja. Hakuyapeleka kwenye jarida lolote. Mwaka 2006 alikataa medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, na mwaka 2010 akakataa tuzo nyingine ya dola milioni moja. Kwa kipimo cha h, mtu huyu ni wa kawaida tu.

Idadi ya marejeo ikiwa ndogo, kuichakachua ni rahisi. Kikundi cha marafiki wanaotajana katika kila makala kinatosha kubadilisha jedwali zima. Jarida moja la hesabu tumizi lilipata alama 8.91 mwaka 2008, huku lile lililolifuata, Communications on Pure and Applied Mathematics, lenye heshima ya miaka mingi, likiwa na 3.69. Mwanahisabati Douglas Arnold na mkutubi Kristine Fowler walipochunguza walikuta aliyelirejelea jarida hilo zaidi ya wote ni mhariri wake mkuu.

Na fedha zimo. Tangu 2003 orodha ya Shanghai ya vyuo vikuu huhesabu watafiti wanaorejelewa sana, kwa hiyo chuo kikiweza kumshawishi mmoja aandike jina la chuo hicho kama anwani yake kuu, kinapanda ngazi bila kujenga hata darasa. Domingo Docampo wa Chuo Kikuu cha Vigo, Hispania, alihesabu makala za hisabati zilizomo katika asilimia moja inayorejelewa zaidi. Kati ya 2008 na 2010 chuo cha UCLA cha Marekani kilikuwa na 28. Kati ya 2021 na 2023 kilibaki na moja, na chuo kile cha udaktari cha Taichung kilikuwa na 95.

Mwaka 2023 Clarivate yenyewe iliiondoa hisabati katika orodha yake.