Huruma Huzaliwa, Uadilifu Huzoezwa: Mfano wa Dzaleka

Wahenga hawakuafikiana kama tabia njema huzaliwa au hufunzwa. Kuna wanaosema mwana wa nyoka ni nyoka, na wanaosema samaki mkunje angali mbichi. Nashikilia kwamba huruma yawezekana tunazaliwa nayo, ila uadilifu huja kwa mazoea, na mazoea yanataka uwanja.

Maabara hazijatoa jibu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza kwamba watoto wachanga huchagua umbo lililomsaidia mwenzake kupanda mlima kuliko lililomzuia. Maabara 37 ziliporudia jaribio hilo kwa pamoja, matokeo ya mwaka 2024 yalionyesha watoto wamegawanyika karibu nusu kwa nusu. Afadhali tuwatazame watu waliolazimika kuanza maisha upya.

Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kaskazini mwa Lilongwe, palikuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda, pakawa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 sasa ina zaidi ya 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, wengine wakitoka pande zilizopigana, na wengi wakielewana kwa Kiswahili. Kwenye kisima cha pampu, bidoni (dumu) tupu humshikia mwenyewe nafasi. Mtoto akilisogeza nyuma bidoni la mwenziwe, hukemewa na mama yeyote aliye karibu, awe wa kabila lake au la. Haki ya foleni hakuzaliwa nayo mtu. Mtoto huipata hapo, kwa kukemewa na kurudia.

Katika kambi hiyohiyo, mwaka 2022, polisi wa Malawi na shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na dawa za kulevya na uhalifu (UNODC) walifichua mtandao wa kuuza binadamu, wakiwamo wasichana wa miaka 12. Atakayesema chanzo chake ni dhiki, ajibu kwa nini jirani mwenye dhiki ileile hakuuza mtu. Atakayesema ni damu, aeleze kwa nini watu wa damu mbalimbali hulea mtoto mmoja kisimani. Aristotle alikuwa karibu na ukweli: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu.

Hapa ndipo sheria inapoingia, kwa kuwa ndiyo hufungua au hufunga uwanja wa mazoea hayo. Mwenye duka mkimbizi mtaani Chilinde, Lilongwe, akimkopesha jirani Mmalawi unga hadi mwisho wa mwezi, wote wawili hujizoeza uaminifu: mmoja kwa kuamini, mwingine kwa kulipa. Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wanaoishi mijini warudi Dzaleka. Mei kamatakamata ikaanza, na hata watoto wakawekwa katika gereza la Maula. Biashara iliyofungwa kwa amri huvunja pia ahadi zilizoibeba.

Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987, lakini ikaweka vizuizi juu ya ajira na uhuru wa kutembea. Wanaolalamikia maadili ya vijana wa kambini waanze kwa kudai vizuizi hivyo viondolewe.