Serikali ya wanafunzi

Serikali ya wanafunzi ni chombo cha uongozi kinachoundwa na wanafunzi ndani ya shule. Katika shule za sekondari za Tanzania huongozwa na kaka mkuu na dada mkuu, wakisaidiwa na viranja wa taaluma, nidhamu, usafi, chakula na michezo, pamoja na monita wa kila darasa. Kwa vijana wengi hapo ndipo mahali pa kwanza pa kuamua jambo linalowahusu wenzao na kuulizwa sababu yake.

Historia

Ukiranja ulifika na shule za wakoloni Waingereza. Kwao, Thomas Arnold, aliyeanza kuongoza shule ya Rugby mwaka 1828, aliwapa wanafunzi wa madarasa ya juu mamlaka juu ya wadogo wao. Kiranja wa aina hiyo aliteuliwa na walimu, naye alikuwa jicho lao.

Machi 1967 Julius Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Wengi hukumbuka majembe tu, lakini andiko hilo lilitaka pia wanafunzi washiriki katika maamuzi ya shamba la shule, kwa mfano namna ya kutumia fedha walizopata. Katika shule nyingi jembe lilibaki mikononi mwa wanafunzi, ila maamuzi yalibaki ofisini.

Uchaguzi na mipaka ya madaraka

Kwa kawaida wagombea huomba nafasi na kusailiwa na walimu. Waliopita hupiga kampeni, kisha wenzao hupiga kura. Usaili ndio wenye uzito. Mwanafunzi mwenye maswali mengi kuhusu chakula cha shule anaweza kuenguliwa kabla jina lake halijafika kwa wapiga kura.

Kiranja haruhusiwi kuchapa. Kwa kanuni za mwaka 2002, viboko hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, navyo visizidi vinne. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu.

Mazingira ya shule

Katika shule za bweni, kama Kibaha, viranja husimamia maisha ya siku nzima: kuamka, bwalo, kujisomea usiku. Shule nyingi za kata, zilizoongezeka sana kuanzia mwaka 2004, ni za kutwa. Katika kata za vijijini kama Mkange, mkoani Pwani, mwanafunzi wa kutwa akitoka shuleni hurudi kwenye kazi za nyumbani na shambani, ambako wakubwa ndio wasemaji.

Lugha nayo ina nafasi yake. Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na anayekaa kimya darasani huenda akawa msemaji hodari pale baraza la shule linapoendeshwa kwa Kiswahili.

Nchi nyingine

Nchini Kenya, baada ya migomo na uchomaji wa mabweni wa mwaka 2008, Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari lilianzishwa mwaka 2009, na shule zikahimizwa kuacha viranja wa kuteuliwa na kuwa na viongozi waliochaguliwa. Nchini Ujerumani, katika majimbo mengi, wawakilishi wa wanafunzi huketi na walimu na wazazi katika mkutano wa shule na kupiga kura kuhusu mambo kama kanuni za shule.