Ardhi ya al-Fula

Sisi wa sharika za Masasi na Newala, tukisikia ugomvi wa Waarabu na Wayahudi, huwa tunakimbilia Isaka na Ishmaeli. Lakini baadhi ya waliotangulia kuupinga Uzayuni walikuwa Wakristo. Ndivyo alivyokuwa Najib Nassar, aliyeanzisha gazeti la Al-Karmil mjini Haifa mwaka 1908.

Kilichowauma zaidi ni ardhi. Mwaka 1910 ukoo wa Sursuq wa Beirut, Wakristo nao, uliwauzia Wazayuni ardhi ya al-Fula karibu na Nazareti. Shukri al-Asali, mkuu wa wilaya, alipinga mauzo hayo, akashindwa, wakulima wakaondolewa. Hati ilikuwa Beirut, jasho lilikuwa al-Fula. Mwenye mikorosho kwenye shamba lisilo na hati hahitaji kufafanuliwa.

Chuki dhidi ya Wayahudi nayo ilikuwamo kwa baadhi ya waandishi, tusiifiche. Na Wayahudi wenyewe walikuwa wakikimbia mauaji, kama ya Kishinev mwaka 1903. Mwaka huohuo Waingereza walipendekeza kuwapa Uasin Gishu, iliyo Kenya leo. Walowezi wa Kizungu walipiga kelele. Wenyeji hawakuulizwa.