Sahani za Kuchoma na Kutupa Rongai na Kitengela

CD ya kuandikwa mara moja, yaani CD-R, ni sahani ya plastiki yenye upana wa sentimita 12 inayobeba megabaiti 700 hivi. Kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani ilitengeneza rangi yake ya kikemikali mwaka 1988, na Philips na Sony wakatoa viwango vyake rasmi mwaka 1990. Mwale wa leza huichoma rangi hiyo nukta kwa nukta, na nukta ikishaungua hairudi ilivyokuwa. Watengenezaji waliisifu kuwa ghala la miongo mingi. Katika miji ya Kajiado inayopakana na Nairobi, yaani Ongata Rongai na Kitengela kwenye barabara ya Namanga, ilifanya kazi tofauti kabisa: kubeba data kutoka mashine moja hadi nyingine, kisha kutupwa.

Sababu hazikuwa ngumu kuelewa. Disketi ilibeba megabaiti 1.44 tu, hivyo CD moja ilizidi disketi mia nne na themanini. Flashi zilikuwa ghali na nafasi yake ndogo. Hadi nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, na kutuma faili kubwa kutoka saiba ya mtaani kulikuwa sawa na kutotuma. Sahani tupu, kwa upande mwingine, zilipatikana kwa wingi Luthuli Avenue jijini Nairobi, zimepangwa hamsini hamsini kwenye mti wa plastiki, na muuzaji wa rejareja alizichomoa moja moja.

Matumizi yaliyo rasmi kuliko yote yalikuwa ya shule. Somo la Kompyuta katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, lina karatasi tatu, na ya pili, 451/2, ni ya vitendo: mtahiniwa huketi mbele ya kompyuta kwa saa mbili na nusu, akitengeneza labda hifadhidata au jedwali la hesabu. Maagizo ya karatasi za zamani yalitaja disketi, kisha CD, na baadaye CD au chombo kingine cha kuhifadhia. Mtahiniwa aliandika jina na nambari yake juu ya sahani, akakatazwa kuweka nywila, na kuikabidhi pamoja na kurasa alizochapisha. Hapa kutofutika kwa CD-R kulikuwa faida kubwa: sahani iliyokwisha kufungwa isiandikwe tena haichezewi njiani. Mtihani ukishasahihishwa na matokeo kutangazwa, kazi yake nyingi ilikuwa imekwisha.

Kuchoma kwenyewe kulikuwa na vituko vyake. Leza ilidai data bila kukatizwa. Kompyuta ikisitasita, sahani iliharibika, na haikuwa na nafasi ya pili. Sanyo ya Japani iliutatua udhaifu huo mwaka 2000 kwa mbinu iliyoitwa BURN-Proof, ambayo hata hivyo haikumsaidia aliyepotelewa na stima katikati ya kazi.

Maduka ya muvi ndiyo yaliyomaliza sahani nyingi zaidi. DVD yenye gigabaiti 4.7 ilibanwa filamu kadhaa na kuuzwa shilingi 50, nyingine zikiwa na sauti ya DJ Afro akisimulia filamu za vita za Kichina na Kihindi kwa Kiswahili na Sheng. Sehemu kubwa ya biashara hiyo ilikiuka Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, iliandama wauzaji mara kwa mara. Matatu za Rongai nazo zilihitaji miksi mpya ya video kila mara, kwa kuwa abiria wa njia ya 125 hawavumilii nyimbo zilizochacha.

Sahani hizo hazikudumu. Rangi yake huharibiwa na jua na joto, na dashibodi ya matatu huvipata vyote viwili. Sehemu iliyo dhaifu zaidi kwenye CD si ile inayong'aa bali upande wa juu wenye maandishi: data imelala chini ya lakeri nyembamba, na kalamu ngumu huitoboa. Huko Marekani, Disney ilijaribu mwaka 2003 kuuza DVD za Flexplay zilizotengenezwa zife makusudi. Pakiti ikifunguliwa, hewa iliigeuza sahani nyeusi baada ya saa 48. Wanunuzi hawakuvutiwa. Vumbi la Kitengela lilifanya kazi hiyo hiyo bila hataza.

Flashi ziliposhuka bei na simu kuanza kucheza video, maduka ya muvi yaligeukia kunakili filamu kwenye vifaa hivyo na kutoza kwa kila moja. Laptopu mpya zikaja bila kisomaji cha sahani. Nyingi za sahani zenyewe ziliishia jaani: ni polikaboneti yenye utando mwembamba wa metali, na waokota taka, wanaotafuta chupa na vyuma, hawana mnunuzi wake.