Troyeville: Vijana na haki ya kura

Troyeville ni mtaa mkongwe ulio mashariki ya kitovu cha jiji la Johannesburg. Ni hapo, Mei 1, 1989, alipouawa kwa risasi mbele ya nyumba yake David Webster, mhadhiri aliyewatetea watu waliozuiliwa bila mashtaka na utawala wa ubaguzi wa rangi.

Hakuuona uchaguzi wa Aprili 1994, wa kwanza kuwashirikisha raia wa rangi zote.

Leo kijana wa Afrika Kusini huruhusiwa kujiandikisha akiwa na umri wa miaka 16, na kupiga kura atimizapo 18. Katika uchaguzi wa mabaraza, mkazi wa Johannesburg hupewa karatasi mbili: ya diwani wa kata na ya chama.

Lakini daftari la wapiga kura hufungwa siku tarehe ya uchaguzi inapotangazwa rasmi. Anayechelewa hungoja uchaguzi mwingine.