Chupa ya Mjerumani? Angalia mshono kwanza

Penye boma la Kijerumani hapakosi stori ya mali iliyofukiwa. Tukuyu nayo, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg hadi Waingereza walipoiteka mwaka 1916, ni mahali pa namna hiyo. Mtu anakodi detekta, inalia, anachimba. Anakuta misumari, waya wenye kutu, na pembeni chupa. Chupa anaitupa. Kumbe ametupa ushahidi!

Detekta haisikii kioo. Kilichoiliza ni chuma kilicho jirani. Lakini chupa ina umri wake mwilini. Pitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni. Ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi juu ya mdomo, chupa ni ya mashine, na kwa kawaida ni ya karne ya 20: Mmarekani Michael Owens alipata hataza ya mashine yake ya kutengeneza chupa mwaka 1904.

Sasa tazama mdomo. Ukiwa na ukingo wa kubana kizibo cha bati kama cha soda, hauwezi kuwa wa kabla ya 1892, mwaka wa hataza ya William Painter. Shingo iliyobanwa, yenye goroli ndani, ni ubunifu wa Mwingereza Hiram Codd wa mwaka 1872.

Ila usikimbilie kusema "hii ni ya Mjerumani." Miaka hiyo inakwambia chupa si ya kabla ya lini, basi. Haikwambii ilifukiwa lini. Chupa nzuri haitupwi: leo ina bia, kesho mafuta ya taa, keshokutwa asali. Inaweza kuishi nyumbani miaka 50.

Kinachojibu swali hilo ni majirani zake udongoni. Kama tabaka halijavurugwa, na chini ya chupa kuna shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1925, basi ilifukiwa 1925 au baadaye, hata kama imetengenezwa zamani zaidi. Ukishaing'oa bila kuandika ilipolala, jibu hilo halirudi tena.

Ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayechimba kutafuta malikale awe na leseni. Jembe lako likigonga chupa kwenye migomba, simama kidogo. Piga picha ikiwa palepale, pima kina chake, andika vilivyo karibu nayo, kisha mtaarifu ofisa utamaduni wa wilaya. Dhahabu huenda isiwepo kabisa. Chupa ipo.